Kamba ya Paji la Uso

Katekista Murhula alitufundisha hivi:
funga macho, unganisha mikono,
nyamaza kwanza kidogo
ndipo useme na Mungu.
Nikarudi nyumbani nikamwonyesha mama.
Akacheka mpaka akakaa chini.
"Nikifunga macho kwenye ule mpando
Fuso itanifikisha kwa huyo Mungu
kabla sijamaliza kumsalimu."

Mama alikuwa mbebaji.
Alfajiri alishuka bandarini Muhanzi,
pale boti za Idjwi zinapomwaga mananasi
na mihogo ya Kalehe inafika
ikiwa bado na baridi ya ziwa.
Alichuchumaa. Wenzake wawili walimpandishia gunia.
Kamba ilipita chini ya mzigo, ikapanda,
ikalala juu ya paji la uso.
Halafu ilibidi asimame.
Hapo, katikati ya kuchuchumaa na kusimama,
alisema, "Mungu wangu."
Basi. Maneno mawili, na magoti yakanyooka.

Toka ziwani mpaka soko la Kadutu
Bukavu yote ni kupanda.
Mikono yake ilishika kamba huku na huku ya masikio,
hakubaki na mkono wa kushika rozari.
Akahesabu kwa miguu:
Salamu Maria moja mpaka kwa fundi viatu,
nyingine mpaka bomba lisilotoa maji,
tatu kwenye kona ya wauza makala
maana pale pana mwinuko mbaya.
Mvua ikinyesha, udongo ukiteleza,
hesabu ilimponyoka kama sabuni.
"Maria naye alibeba," aliniambia.
"Hawezi kugombana na mimi kwa sababu ya hesabu."

Mwaka ule Balagizi, mwenye depo ya unga,
alimnyima falanga elfu tatu.
Alisema gunia limelowa.
Tangu siku ile Baba Yetu ya mama ilikuwa na tundu.
Alifika kwenye mkate, akavuta pumzi,
akauruka mstari wa kusamehe,
akatua ng'ambo, kwenye vishawishi.
Nilimsikia usiku, umeme umekatika,
sisi watano tumelala kama sambaza kwenye sinia.
Nikamnong'oneza: mama, umesahau pahali.
"Sijasahau. Lakini nimwambie Mungu uongo
kwa kinywa hikihiki ninachoombea bugali?
Niache. Nitapafika."

Ilichukua miezi saba.
Jioni moja aliosha miguu, akaisema yote,
polepole pale kwenye ule mstari
kama mtu anayevuka mtaro juu ya ubao mmoja.
Sikuthubutu hata kukohoa.
Zile pesa, Balagizi hakurudisha mpaka leo.

Nakumbuka pia Jumatano ya Majivu.
Kamba ilikuwa imemchimba mfereji usoni,
mfupa wenyewe ulikuwa umeikubali.
Padri alichovya dole gumba, akamwinamia,
akasita.
Mstari wa kulala ulikuwa tayari upo.
Akachora wa kusimama tu,
akampita, akaenda kwa Mama Cikwanine.

Sasa mimi nina meza, na kiti chenye mgongo.
Naweza kufunga macho vizuri
kama Murhula alivyotaka.
Maneno yananijia mengi, mepesi,
na mara nyingi naamka nimesinzia.
Mpaka ile wiki mwanangu alipolazwa na malaria,
nikapanda ngazi za hospitali nikiwa na termosi ya uji,
nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mungu wangu,"
na kila ngazi nikaihesabu.

Mama hashuki tena Muhanzi.
Anakaa mlangoni, blanketi miguuni.
Jua likizama nyuma ya mabati ya jirani
anainamisha kichwa, ananyanyua mikono,
huku na huku ya masikio,
anafumba vidole kwenye kamba isiyokuwepo.
Midomo yake inatembea.
Simuulizi ndani ya gunia kuna nini.
Nadhani ni sisi.